Umri wa Barafu ya Baba

9 Januari 1994

Dada yangu,

Kabla hujaanza kunifokea kwamba nimenyamaza kama maji mtungini, pokea salamu kwanza, fokea baadaye. Mimi mzima. Baridi ya huku imeniingia hadi kwenye meno, nikicheka yanauma, basi siku hizi nacheka kwa hesabu. Msalimie shemeji kama amerudi na lori lake, na wanao wote, na yule mkubwa mwambie hisabati haiumi.

Barua yako ya Novemba imefika. Umeandika kwamba Baba aliuliza njia ya chooni ndani ya nyumba aliyoijenga kwa mikono yake. Nimeisoma tena na tena nikitafuta mahali ulipotania, maana wewe hukosi utani. Sikupaona. Daktari anasema nini hasa? Na usiniandikie "uzee tu", nakujua.

Sasa nikueleze jambo. Nimemsimulia Profesa wangu habari za ghala. Nimemwambia jinsi kampuni ilivyotoboa ardhi ikitafuta shaba, ikachomoa mawe marefu ya mviringo kama michi, ikayapanga kwenye masanduku, ikakosa shaba na kwenda zake, na Baba, mtunza ghala, akabaki akiyalinda yale mawe ujana wake wote. Nikamsimulia pia yule mgeni aliyepiga magoti mbele ya sanduku akasema kwamba lile jiwe la tope lenye kokoto ndani liliachwa na barafu, barafu iliyofunika nchi nzima kabla dunia haijaona mnyama. Unakumbuka Baba alivyocheka? "Barafu hapa? Hapa hata siagi haisimami!" Halafu akaacha kucheka akauliza: "Lini?" Mgeni hakujua. Toka siku hiyo nyumbani kwetu hajapita mtu mwenye miwani bila kuulizwa lini.

Dada, hiyo lini inaweza kupatikana. Katika yale mawe kuna kipande kimoja cheupe, urefu wa kiganja. Ni majivu ya volkano yaliyogeuka jiwe, na ndani yake kuna punje ndogo kuliko chumvi zinazotunza umri. Profesa amekubali tuzipime. Nataka Baba apewe jibu wakati bado anakumbuka kwamba aliuliza. Shida yangu ni hiyo tu, na nina haraka nayo.

Nitumie hicho kipande. Na uniandikie kilikaa upande gani wa lile jiwe la barafu. Namba za kina, za kuonyesha jiwe lilitoka chini kiasi gani, zimepakwa rangi kwenye mbao za masanduku, siyo kwenye mawe yenyewe, unaijua sheria ya Baba: jiwe haliandikwi, lina mahali pake.

Mdogo wako,
Kokoto


27 Februari 1994

Mdogo wangu Kokoto,

Salamu zako zimefika na mimi nimefoka, kwa hiyo tuko sawa. Hatujambo. Shule imeniletea oda ya sare na wametaka marinda manne badala ya mawili, kana kwamba mimi nina mikono minne. Shemeji yako alirudi, akala, akalala, akaondoka. Ukimwona huko njiani mwambie ana mke. Mwanao mkubwa, nasema wako kwa sababu ujeuri ni wako, amepata nne ya hisabati na anasema mwalimu ndiye mgonjwa.

Baba yupo. Siku nyingine ni Baba kabisa, anachagua shati, anakosoa chai, ananiambia nimenenepa. Siku nyingine ananiita kwa jina la Mama, nami naitika, maana nikikataa anaanza kumtafuta nyumba nzima na kuuliza amekwenda wapi muda wote huu. Daktari amesema dawa hakuna, tumwangalie tu. Basi tunamwangalia.

Lakini lile swali lake hajalisahau. Nilimsomea sehemu ya barua yako inayohusu kupima, akanyang'anya karatasi akaisoma mwenyewe kwa sauti, na toka hapo kila asubuhi kabla hajanawa uso: "Wameshapata ule umri?"

Kipande hicho hapo, nimekifunga kwa vitambaa vya sare. Nimempa muuguzi anayekuja masomoni huko, binti mwenye adabu, mkaribishe vizuri na usimchoshe na mawe. Hayo mengine uliyouliza nitaandika nikitulia.

Unakuja lini?

Dada yako


30 Machi 1994

Dada mpendwa,

Natumaini marinda manne yamekwisha na mikono yako bado miwili. Muuguzi alifika salama. Nilimpa chai, na nakiri nilimchosha na mawe, ila alianza yeye.

Kipande nimekipokea. Nilipokifungua nilikinusa, ikabidi nikae. Dada, jiwe linanukia mafuta ya kupikia. Na chini ya mafuta linanukia sabuni ya kufulia. Fundi wa maabara aliniuliza kama kwetu mawe huwa tunakaanga. Nilicheka naye, meno yakauma, halafu nikaanza kuwaza. Nani kalipaka mafuta?

Halikuharibika, usiogope. Tumekata ganda la nje tukalitupa, tumesaga la ndani, tumelisuuza hadi zikabaki punje zenyewe, rangi ya asali nyepesi. Kazi inafanyika chumba cha chini ambako hata hewa huchujwa, tunaingia tumevaa nyeupe kutoka kichwani hadi viatuni. Tunachopima ni risasi. Ya madini, usishtuke, siyo ya bunduki. Punje inapozaliwa katika moto wa volkano inakuwa na urani ndani yake, na urani hugeuka risasi kidogo kidogo, kwa mwendo ambao hauongezeki wala haupungui. Ukijua imegeuka kiasi gani, umejua miaka.

Mwambie Baba zamu yetu kwenye mashine ni Julai. Na wewe niambie kile kipande kilikaa wapi. Umesahau kuandika.

Kokoto


2 Mei 1994

Mdogo wangu,

Hatujambo wote. Mvua imezidi. Cherehani imevunjika mkanda, nimefunga kamba, inakwenda inachechemea kama mwenye deni. Shemeji yako ameng'oa jino.

Baba anakula vizuri. Nimemwambia Julai, akasema Julai si mbali. Kesho yake nikamwambia tena, akasema Julai si mbali.

Kuhusu sanduku, ghala limefungwa siku hizi, mlinzi anaumwa. Akipona nitakwenda.

Hujaniambia unakuja lini.

Dada yako


28 Mei 1994

Dada,

Pole na cherehani. Pole na jino la shemeji. Nasema pole zote mbele, maana ninayokuja kuyasema hayana pole.

Mlinzi anaumwa ugonjwa gani usiomwezesha kutoa ufunguo? Na tangu lini Baba hana ufunguo wake? Tumekua pamoja, Dada. Ukidanganya maneno yako yanakuwa mafupi, hata kwenye karatasi.

Ngoja nikueleze kwa nini nakusumbua, labda unaona ni udadisi wa msomi. Zile punje zitatupa umri wa majivu, siyo umri wa barafu. Barafu yenyewe haina punje ya kupima, ni matope na kokoto tu. Sasa mawe hukaa kama nguo unazokunja, ya zamani iko chini, mpya iko juu. Kama majivu yalikuwa chini ya jiwe la barafu, basi barafu ilikuja baada yake. Kama yalikuwa juu, barafu ilikwisha kupita kabla. Bila kujua juu au chini, namba nitakayopata ni sawa na kuambiwa mtu alifika saa nne bila kuambiwa ni nani.

Mimi mwenyewe nilicheza ndani ya lile ghala utotoni, ndipo nikapata na jina. Nimejaribu kulikumbuka lile sanduku. Naona weupe, naona kokoto, ila sikumbuki kipi kilitangulia. Nimeiandikia kampuni kuomba kumbukumbu zao za wakati wa kutoboa. Barua imerudi. Kampuni haipo.

Unanificha kitu. Sema.

Kokoto


19 Juni 1994

Kokoto,

Salamu ni zile zile, wazima ni wale wale. Kaa chini.

Unajua Baba alipostaafu hakuna aliyethubutu kumwomba ufunguo wa ghala. Januari ile, barua yako ikiwa bado njiani, akawa anaondoka asubuhi baada ya chai na kurudi jioni, amechoka, suruali imelowa, ana furaha tele. Nikasema moyoni, amepata mwenzake wa soga, mlinzi. Nikamshukuru Mungu. Nilipata kushona bila mtu wa kuniuliza Mama yuko wapi. Mlinzi naye alipomwona anaingia na ndoo alidhani ametumwa kazini, akampigia na saluti.

Barua yako ilipofika nikaenda kutafuta kipande chako. Nikafungua mlango. Kokoto, masanduku yote yamepangwa upya. Meupe na meupe, meusi na meusi, mekundu na mekundu, toka kubwa hadi dogo, safu baada ya safu. Yameoshwa kwa sabuni, yamepakwa mafuta yangu ya kupikia ambayo nilimgombeza mwanangu kwa kuyamaliza. Yanameta utadhani mikate. Ncha zote amezisugua zikawa laini, zisimkwaruze mtu. Namba ziko kwenye mbao pale pale zilipo siku zote, na hakuna jiwe hata moja lililo kwenye namba yake.

Na Baba amesimama katikati, mikono nyuma, shingo imenyooka kama siku za kuja wakaguzi. Akaniambia: "Ona. Waliyaacha ovyo ovyo. Nimewapangia."

Nikamwambia, "Yamependeza, Baba." Ungekuwa wewe ungesema nini?

Sikukuandikia kwa sababu barua zako anazisoma mwenyewe. Akisikia tu mlio wa mtu wa posta anatangulia getini. Ungeandika neno moja la kulaumu, angelisoma kwa sauti mbele yangu. Yule mzee aliwahi kumfukuza mwanafunzi wa chuo kwa kuhamisha kipande kimoja, kimoja! Ajue kwamba amevuruga yote kwa mkono wake? Ng'o. Bora unikasirikie mimi.

Nimejaribu kuunganisha ncha kwa ncha, zilivyovunjika zamani, kama vigae. Hazishikani, zote laini. Nimemuuliza yeye. Usiniulize kama nimemuuliza. Nimemuuliza akila, akioga, akiwa ametulia kabisa. Mara ya kwanza alisema kile cheupe kilikuwa juu. Siku mbili baadaye akasema chini, na akaapa. Jana akaniambia nisimsumbue, nikamuulize mtunza ghala.

Sasa unajua. Ukijibu usitume nyumbani, tuma kwa anwani ya shule ninakopeleka sare, iko nyuma ya bahasha. Na njoo. Pengine akikuona wewe kitu kitafunguka kichwani mwake. Njoo tu, mdogo wangu, mimi peke yangu siliwezi hili.

Dada yako


24 Julai 1994

Dada yangu,

Nakuandikia kwa anwani ya shule. Natumaini walimu hawafungui barua za watu.

Nilipomaliza kusoma yako nilipiga meza, mkono ukavimba. Nilikukasirikia wewe. Halafu nikamkasirikia mlinzi na saluti yake, halafu Baba, na kumkasirikia Baba kukanitia aibu, nikabaki na hasira isiyo na pa kwenda. Nikajifungia bafuni nikalia kama mtoto. Mwenzangu wa chumba aligonga akauliza kama nimefiwa. Sikujua nimjibu ndiyo au hapana.

Kutoboa upya haiwezekani, usijisumbue kuwaza. Mahali pale sasa ni maegesho ya malori, shemeji analaza lake hapo hapo, na hakuna mtu wa kuleta mashine kwa ajili ya swali la mzee mmoja. Nimemwomba Profesa hata hivyo. Alinisikiliza vizuri, akanipa kiti. Mtu akikupa kiti ujue amekwisha kukataa.

Punje tumezipima. Zimekubaliana zote, jambo ambalo ni nadra. Miaka milioni mia saba na kumi na mbili, ikizidi au kupungua milioni moja. Fundi wa maabara alipiga makofi. Profesa akaitazama ile namba akasema, "Nzuri sana." Halafu akasema, "Tutaipeleka wapi?" Ningeweza kumwambia juu. Ningeweza kumwambia chini. Angeniamini, na nusu ya uwezekano ningekuwa nimesema kweli. Nilifungua mdomo, Dada. Nikaufunga. Ni Baba huyo huyo aliyenilea.

Swali lako la kila barua nimelikwepa mwaka huu wote. Siji. Kibali changu cha kukaa huku kiko ofisini kinasubiri kupigwa muhuri, na mtu akitoka nje ya nchi kabla ya muhuri harudi. Wameniambia mwezi mmoja, tangu mwaka jana. Nikija nakuja moja kwa moja, bila cheti, bila kazi, niwe mzigo wa pili nyumbani kwako. Nimeogopa kuliandika kwa sababu najua ulikuwa unapika maneno ya kunipokea.

Basi fanya hivi. Chagua siku yake nzuri, umpe namba. Usimwambie la masanduku. Yeye alitaka umri, huo ni umri, wa kweli, kutoka jiwe lake mwenyewe. Mwache afurahi. Sisi tubaki na haya mengine.

Kokoto


4 Septemba 1994

Mdogo wangu,

Barua ilinikuta shuleni, nikaisoma nimekaa juu ya furushi la sare, mwalimu mkuu akanipita akadhani nasubiri malipo. Kwamba huji nilijua. Nilikuwa nauliza ili usije ukasema siku moja kwamba hakuna aliyekuita. Pole na mkono. Kaa usubiri muhuri wako, usiingiwe na wazimu, mmoja anatosha humu ndani. Nimetania hapo, usipapekue.

Nilingoja siku nzuri. Jumapili iliyopita aliamka ametulia, akanyoa ndevu mwenyewe bila kujikata, akaniita kwa jina langu. Nikamweka mlangoni kwenye kivuli, nikamvuta kiti karibu. Nikasema, "Baba, Kokoto ameleta umri."

Alinitazama kwanza, hakuamini. "Wamepima?"

"Wamepima. Miaka milioni mia saba na kumi na mbili."

Akairudia bila kukosea hata neno. Kokoto, alicheka! Kile kicheko chake cha zamani cha kupiga goti. Akamwita mwanangu, akamwita jirani aliyekuwa anaanika nguo, akawaambia mia saba na kumi na mbili, milioni, mnajua milioni ninyi? Jirani akasema hongera Mzee. Nikasema moyoni, ahsante Mungu, yamekwisha, tumeweza. Nikaingia ndani kumletea maji.

Niliporudi alikuwa ameweka kidole mdomoni. Akaniuliza: "Juu ya barafu, au chini yake?"

Nikamnyooshea ile glasi.

"Hayo majivu," akasema polepole, kama anamfundisha mtoto. "Umri ni wa majivu. Yalikuwa juu au chini?"

Nikasema hawajui. Akasema hawajui vipi, si watu waende watazame sanduku? Akanitazama kwa yale macho, unayakumbuka, ya alipokuwa anajua tumeiba sukari na anatungoja tuseme.

"Nani amechezea masanduku yangu?"

"Sijui, Baba."

"Umekwenda ghalani?"

"Nimekwenda."

"Yamevurugwa?"

Ningekataa. Mungu anajua nilitaka kukataa. Lakini alikuwa ni Baba kabisa saa ile, Baba mzima, ambaye sijamwona kwa miezi, na sikuweza kumdanganya. Nikaitikia kwa kichwa.

Alisimama, akaanza kutafuta viatu. Anataka kwenda kumfukuza kazi mtu aliyefanya hivyo, leo hii hii, Jumapili hii hii. Kamba hazifungiki. "Miaka yote ile," anasema, "hakuna kipande kilichotoka mahali pake, hata panya walikuwa wananiogopa. Ni nani huyo asiye na haya? Nitajie!" Nikamshika mabega nikamkalisha. Akalia, Kokoto. Mama tulimzika yeye macho makavu, na Jumapili akalia amevaa kiatu kimoja, na mimi nimepiga magoti mbele yake nimeshika cha pili, nasema sijui, Baba, sijui ni nani. Alilia hadi akalala pale pale kwenye kiti.

Jumatatu nikampelekea chai. Alikuwa ameketi kitandani, uso umetulia, hana habari na lolote.

"Wameshapata ule umri?"

Namba yako ninayo, nimeihifadhi kichwani. Ningempa, angecheka tena, angemwita jirani, halafu angeweka kidole mdomoni. Nimekaa kando yake nikaitazama ile chai ikitoa moshi. Nikasema, "Bado, Baba. Wanapima."

Akapuliza kikombe, akaonja.

"Waambie wasiharakishe," akasema. "Mimi nipo."

Dada yako